Nyonga Mpya ya Mama Pindo

Naweka dau hapa, na wewe weka lako: hutaniamini nikikuambia kwamba dada yangu, mwanamke mwenye wajukuu, aliongezeka urefu mwaka jana. Hakuvaa visigino, hakupanda stuli. Aliongezeka tu. Basi kaa hapo kwenye benchi, na hicho kiatu chako kinachocheka mbele kivue unipe, nitakishona huku nasimulia. Mimi mikono na mdomo vinafanya kazi kwa pamoja. Ndiyo maana hata shule sikukaa, walimu walitaka kimoja kimoja.

Mimi ni fundi viatu. Mtaani wananiita Soli, na sibishani nao, maana soli nikiipiga mimi utazeeka wewe, yenyewe itabaki kijana. Nioneshe kiatu kilichovaliwa wiki moja, nitakuambia mwenye nacho anatembeaje, anabeba mkoba bega gani, na kama ni mtu wa haraka au wa kujikokota. Sijisifu. Ah, najisifu, lakini kwa haki.

Dada yangu ni fundi cherehani. Wanamwita Mama Pindo kwa sababu pindo la nguo akilishona yeye, unaweza kutafuta uzi kwa miwani usiuone. Baraza ni moja, hili hili, mbele ya duka la vifaa vya umeme. Mimi huku na nyundo yangu, chuma changu cha miguu mitatu na makopo ya gundi. Yeye pale na cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu. Katikati ni benchi la wateja, ambalo kazi yake kubwa ni kubeba watu wasio wateja.

"We Soli, hiyo gundi yako itatuua," ananiambia kila asubuhi.

"Utakufa umebandikwa vizuri, dada."

Ndivyo tulivyoishi miaka yote. Gundi yangu inamkera, manyuzi yake yananikera, na hakuna aliyewahi kuhama.

Sasa, mguu wake wa kushoto ukaanza visa. Mwanzo alisema ni baridi. Halafu akasema ni godoro. Godoro likabadilishwa, akasema ni ngazi. Alilaumu kila kitu nyumbani kwake isipokuwa nyonga yake mwenyewe. Mimi nilishajua, maana viatu vilinisemea: cha kulia kinalika kama kinasagwa, cha kushoto kinakaa kipya. Mtu anauogopa mguu wake. Tena mguu wenyewe ulikuwa unafupika, polepole, kama sabuni.

Nikamwekea nyongeza. Kipande cha mpira kwenye soli ya kushoto, nimekichonga kwa kisu, nimekipaka rangi, huwezi kujua. Akatembea wima. Baada ya miezi akaanza kuchechemea tena, nikaongeza kingine. Akichechemea, naongeza. Yeye naye, kwa ujanja wa kazi yake, akawa anakata magauni yake upande: pindo la kushoto analipandisha kidogo, ili akisimama mbele za watu nguo ionekane imenyooka. Kiatu kikadanganya nusu, gauni likadanganya nusu, na mtaa mzima ukaamini Mama Pindo ana maringo tu ya kutembea.

Kuna kitu kimoja cha kazi yangu ukijue. Mteja akija, hata kama nilimshonea jana, namsimamisha juu ya boksi nililolikunjua, nachora mguu kwa penseli, mmoja halafu mwingine. Ni sheria. Miguu ya watu inabadilika, inavimba, inakonda, inapata uvimbe kwenye dole gumba. Watu wote nawapima. Dada yangu tu simpimi. Miguu yake ninayo kichwani tangu tukiwa watoto tunagombania ndoo.

Basi. Siku zikaenda, nyonga ikamshinda. Nikaanza kumwona katikati ya mshono anasimama, anashika meza, anajifanya anatafuta uzi. Uzi uko mkononi! Pedali ikawa inasinzia. Vitambaa vya wateja vikapanda rafu mpaka vikataka kugusa bati.

Mwanawe, yaani mpwa wangu, anakaa mji wa mbali na mkewe na watoto. Kila akipiga simu wimbo ni mmoja.

"Mama, njoo ukae kwetu. Upumzike."

"Nikija kwako nitafanya nini? Niangalie ukuta?"

"Utaangalia wajukuu."

"Wajukuu wako shuleni mchana kutwa. Nitaangalia ukuta."

Lakini jioni moja, tunakusanya vitu, akaniambia kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakuwahi kuitumia na mimi:

"Soli, wanasema nyonga inabadilishwa, wanaweka ya chuma. Nitajaribu. Nikiweza kukanyaga cherehani, nabaki. Nikishindwa, cherehani naigawa kwa fundi wa kona, naenda kwa mwanangu. Sikai hapa kuwa kivutio kwenye benchi."

Nikacheka, nikasema, "Ukiondoka nitapanua biashara mpaka kwenye kona yako." Akacheka na yeye. Nilipofika nyumbani nikasukuma sahani pembeni, mke wangu akadhani naumwa jino.

Tukaenda kwa daktari wa mifupa. Bwana mrefu, sauti ya upole. Akatundika picha ya eksirei kwenye taa. Upande wa kulia, mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kama kitasa cha mlango, kimetulia ndani ya kikombe chake, na katikati kuna upenyo. Upande wa kushoto upenyo haupo. Ule mto laini wa katikati umelika wote, mfupa unasaga mfupa, na kitasa chenyewe kimebonyea.

"Ni kama soli ikiisha, mtu anatembelea msumari," nikasema.

"Ndivyo ilivyo hasa," akasema daktari.

Nikamgeukia dada kwa madaha. "Umesikia? Nimeshaingia kazini."

Daktari akaendelea: watakata hicho kichwa kilichochoka, wataweka kingine kwenye mhimili wa chuma, na kikombe kipya cha kukikalisha. Halafu akaanza maelezo kuhusu mguu kurudi mahali pake, na urefu, na sijui nini tena, lakini mimi macho yangu yalikuwa chini ya meza. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimelika upande wa nje, kisigino kimeinama kama mlevi anayetafuta ukuta. Jamani! Mtu kazi yake ni kunyoosha watu, anatembea na kisigino kile!

"Kuna swali?" daktari akauliza.

"Lipo," nikasema. "Hicho kiatu ukiniachia leo, kesho unakipata."

Dada akanikanyaga chini ya meza. Kwa ule mguu mzima.

Mimi nilidhani upasuaji ni kwenda kulala kitandani tu. Wapi! Unaandaliwa kama bibi harusi. Wakamtoa damu ya kupima, wakamsikiliza moyo, wakampeleka kwa daktari wa meno akang'olewa jino bovu. "Nyonga na jino wapi na wapi?" dada akalalamika, shavu limevimba. Wakamweleza kwamba uchafu wa jino unaweza kusafiri na damu mpaka kwenye chuma kipya. Akarudi nyumbani ananung'unika kwamba amekwenda kuongezewa, wameanza kwa kupunguza.

Halafu akapewa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Binti mwembamba mwenye mikono ya chuma. Sisi tukamwita Mwalimu. Huyo alianza kumtesa kabla hata kisu hakijamgusa: kaza paja, legeza, vuta kisigino kitandani, kaza makalio.

"Nikaze makalio mbele ya mdogo wangu?"

"Atatazama pembeni, mama."

Nikatazama pembeni. Ila nilikuwa nahesabu kwa sauti kubwa, na nikiruka namba makusudi ili arudie.

Mwalimu akaja na kuikagua nyumba. Kiti kisiwe chini kuliko goti. Asiiname kuokota kitu. Asipandishe mguu juu ya mguu. Alale na mto katikati ya mapaja. Na vizulia viondoke vyote! Dada ameshona vizulia vya mabaki ya vitambaa tangu ujana wake, kila mlango kimoja, kila kitanda viwili. Tulivikusanya vikajaa gunia. Alilitazama lile gunia kama mtu anayetazama mgonjwa wake akibebwa.

Kazi ya ufundi nikaifanya mimi, bila shaka. Nikainua kitanda kwa magogo. Nikainua kiti. Choo nikakiwekea kiti kirefu chenye vishikio, kizuri mpaka mke wangu akasema na yeye anataka. Barazani nikainua stuli ya cherehani, nikainua na cherehani yenyewe ili vilingane. Tatizo likaja kwenye kile chuma cha kutembelea cha miguu minne: hakipiti mlango wa bafuni. Nikakijaribu mimi mwenyewe, nikanasa, nikakaa pale na kile chuma kama mbuzi kwenye uzio. Mwishowe nikang'oa mlango na miimo yake.

"Sasa wifi yangu ataogaje?" mke wangu akauliza.

Wifi mtu akashona pazia, akiwa amekaa kwenye kiti kirefu, kwa mkono. Kuanzia hapo ukienda bafuni kwa dada lazima ukohoe kwanza.

Siku yenyewe ikafika. Ameoga sabuni ya dawa, hajala kitu tangu jana, na ana hasira ya chai. Daktari akaja na kalamu, akamchora mshale kwenye paja la kushoto ili pasitokee makosa.

"Chora vizuri, mwanangu," dada akamwambia. "Mimi fundi. Alama mbaya inaharibu nguo nzima."

Wakamsukuma akaenda. Mimi na mke wangu tukabaki kwenye korido. Nilipanga nipige stori na kila mtu pale. Nikabaki natazama viatu vya watu wanaopita, na sikumkosoa hata mmoja. Mke wangu akanishika mkono, akaniuliza kama nataka maji.

Dada alirudi anaongea. Kumbe walimchoma sindano ya ganzi ya mgongoni, kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari, lakini masikio yako kazini. Amewekewa pazia mbele, anasikia kila kitu.

"Soli, mle ndani ni karakana. Kuna msumeno, kuna nyundo. Ko! Ko! Ko! Nikamwambia daktari, mdogo wangu fundi viatu anagonga kwa ustaarabu kuliko wewe."

"Akasemaje?"

"Akasema kiatu hakilalamiki."

Kesho yake Mwalimu akamsimamisha. Sikutanii, kesho yake tu! Amevaa gauni la hospitali na soksi za hospitali zenye vidoti vya mpira, ameshika kile chuma, meno ameyauma. Chuma mbele, mguu mpya, mguu wa zamani. Chuma mbele, mguu mpya, mguu wa zamani. Akafika dirishani. Akashika kingo, akanigeukia, machozi yanamtoka na anacheka.

"Kidonda kinauma," akasema. "Lakini ile ya ndani haipo. Ile kama jino, imeng'oka."

Siku zilizofuata akawa malkia wa korido. Akawapita wagonjwa wengine, tena anawasalimia kwa madaha. Alipokaribia kutoka, Mwalimu akaniambia, "Baba, siku ya kwenda nyumbani aje na viatu vya kufunika, visivyoteleza, soli bapa, asihitaji kuinama kufunga."

Ebo! Unamwambia nani habari za viatu?

Nikafunga kazi nyingine zote. Nikachagua ngozi laini ya kahawia, ile niliyoitunza kwa mtu wa maana. Nikaweka mkanda wa kubandika badala ya kamba. Soli ya mpira yenye meno madogo, haitelezi hata kwenye sabuni. Na kushoto, nikaweka nyongeza yake kama kawaida. Tena safari hii nikaificha kwa ustadi ndani ya kiatu, nikaifunika kwa ngozi, mpaka mimi mwenyewe nikawa naisahau. Watu wa kwenye benchi walikipokezana mkono kwa mkono kama mtoto mchanga.

Siku ya kutoka hospitali Mwalimu alikuwa na mapumziko. Nesi akamvisha dada viatu, akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka garini. Dada akanibana shavu. "Kwa hili, Soli, nakusamehe gundi."

Tukafika. Akashuka, akashika chuma chake, akavuka ua wa nyumba. Na mimi nikaona.

Anachechemea.

Hakuwa anachechemea hospitali. Sasa amelala upande wa kulia kama gari lenye tairi moja bovu. Akasimama mlangoni. "Kuna kitu hakijakaa sawa."

"Ugeni tu," nikasema. "Hata kiatu kipya kinabana mwanzo."

Lakini ugeni haukuisha. Kiuno kikaanza kumuuma, kisha goti la kulia. Akavaa gauni lake zuri la kijani, akajitazama kwenye kioo cha kabati. Pindo lilikuwa limepinda, upande juu, upande chini. "Hata nguo niliyoishona mwenyewe inanicheka," akasema. Akalivua. Mazoezi akaanza kuyakwepa: leo kichwa, kesho mvua. Mvua, na mazoezi yanafanywa kitandani!

Mimi nikafanya nilichofanya miaka yote. Akichechemea, naongeza. Nikachukua kiatu cha kushoto usingizi ukiwa umemchukua mchana, nikakipeleka barazani, nikaongeza kipande kingine. Akachechemea zaidi.

Basi hasira zangu nikazipeleka kwa daktari. Nikahutubia benchi zima. "Nilijua tu! Mtu mwenye kisigino kile atanyoosha nyonga ya nani?" Benchi likakubali. Benchi hukubali kila kitu.

Cherehani ikakaa imefunikwa shuka. Wateja wanauliza, nawajibu, "Yuko njiani." Siku moja nikahamisha makopo yangu ya gundi kwenye kona yake, ili pasionekane patupu. Hakuna aliyelalamika kuhusu harufu. Nikayarudisha.

Halafu akampigia mwanawe simu. Nilikuwepo.

"Njoo unichukue," akasema. Akakata simu.

Mpwa wangu akaja na gari la kukodi. Wakafunga mizigo. Fundi wa kona akapita barazani kuitazama cherehani, akaizunguka kama anayetaka kununua ng'ombe. Nikamwambia bado hatujaamua. Akasema dada ameshamwahidi. Nikamwambia aondoke kabla sijamshona mdomo, na uzi wa nta ninao.

Lililobaki lilikuwa moja: kabla ya safari, apite kliniki, Mwalimu amtazame na kumwandikia mazoezi ya huko aendako. Tukaenda wote watatu. Dada amevaa gauni la kijani, maana mengine yamo kwenye sanduku. Na viatu vyangu.

"Mama, karibu! Hebu tembea mpaka mlangoni nikuone."

Akatembea. Tabasamu la Mwalimu likaondoka taratibu.

"Rudi." Akarudi. "Ilikuwaje? Hapa uliondoka umenyooka."

"Muulize daktari wenu," nikadakia. "Kazi yenyewe ya kulipua!"

"Mjomba," mpwa wangu akanong'ona, "nyamaza kidogo."

Mwalimu akasogea karibu. Akapiga magoti, akamtazama dada miguuni, muda mrefu. Halafu akasema, "Mama, kaa. Vua viatu."

Akavuliwa. Akasimamishwa peku juu ya sakafu ya saruji.

"Tembea."

Dada akanyanyua mguu. Chuma mbele, mguu mpya, mguu wa zamani. Akafika mlangoni. Akageuka. Hakulala kulia, hakulala kushoto. Mabega yamenyooka kama rafu niliyoipigilia mimi mwenyewe. Akarudi anakuja, macho yamemtoka, anatembea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Mguu pande, mguu sawa!" mpwa wangu akasema, kisha akajiziba mdomo, kisha akaanza kucheka na kulia.

Mwalimu akaviweka viatu mezani, kimoja kando ya kingine. Akatia kidole ndani ya cha kushoto, akabonyeza. Akatia ndani ya cha kulia. Akainua kichwa.

"Hiki kimeinuliwa. Tena sana. Nani katengeneza?"

Wote wakanigeukia. Hata feni ya ukutani nadhani iligeuka kunitazama.

"Kuna fundi mmoja hivi," nikasema.

"Huyo fundi hakuambiwa kwamba daktari akiweka nyonga mpya mguu unarudi kwenye urefu wake? Miguu ya mama sasa inalingana. Ukimpandisha mmoja, unampindisha upya."

Kumbe ndiyo yale maelezo! Ya urefu na sijui nini! Mimi niko chini ya meza na kisigino cha watu.

Dada akanitazama. Nikajua leo nazikwa. Lakini macho yake yakashuka kwenye gauni lake. Amesimama wima kabisa, peku, na pindo la gauni la kijani limepinda waziwazi, kushoto juu, kulia chini. Akalishika. Akalivuta. Akaanza kucheka, cheko lile la tumboni, mpaka Mwalimu akamshika asianguke.

"Kumbe na mimi! Soli, kumbe na mimi! Nilikata nguo zote za kwenda na mguu mbovu. Sanduku zima limepinda!"

"Mama, sanduku liko garini," mpwa wangu akakumbusha. "Twende?"

"Twende wapi? Nikaangalie ukuta na magauni yaliyopinda? Nani atayakata huko kwenu?" Akanigeukia. "Na wewe, fundi mmoja hivi, kisu chako kiko wapi?"

Kisu changu kiko mfukoni siku zote. Nikakaa kwenye ngazi za kliniki, nikafungua kiatu cha kushoto, nikang'oa nyongeza moja baada ya nyingine. Zilitoka kama magamba. Wagonjwa wanapita, wananiangalia; sikuinua macho. Nilipomaliza nikaweka viatu kwenye saruji, nikainama mpaka shavu likagusa ngazi, nikavitazama kwa jicho moja. Sawa. Nikamvisha mwenyewe, maana yeye haruhusiwi kuinama. Akaniwekea mkono kichwani ili apate mhimili. Hakuuondoa haraka.

Mpwa wangu alirudi kwake na gari tupu. Mazoezi dada akayashika tena kama mwanafunzi anayemwogopa mwalimu, na Mwalimu huyo anaogopwa kweli. Chuma kikawa magongo, magongo yakawa fimbo, fimbo ikawa ya kunichapia mimi tu. Halafu akaruhusiwa pedali, kidogo kidogo, kwenye stuli yangu ndefu. Asubuhi ile aliondoa shuka kwenye cherehani, akakaa, akaweka miguu yote miwili. Benchi lote likasogea mbele. Akakanyaga. Gurudumu likazunguka, mkanda ukalia, sindano ikaanza kushuka na kupanda. Nguo ya kwanza ilikuwa ile ya kijani.

"We Soli," akasema bila kuinua kichwa, "hiyo gundi yako itatuua."

Mimi jicho moja lilikuwa limeingiwa na vumbi, nikajifanya natafuta nyundo.

Sasa urefu. Unaona ule msumari kwenye nguzo yake, wa kutundikia mkasi? Alikuwa ameushusha zamani, maana hakuufikia bila kuumia. Mwezi uliopita ameniambia niupandishe. Nimeupandisha. Anaufikia. Kama huamini nenda kautazame, tundu la zamani bado lipo chini yake.

Daktari naye nimemrekebishia kile kisigino, tena bure. Alipokuja kukichukua nilimsimamisha juu ya boksi, nikamchora miguu yote miwili, ingawa alisema ana haraka.

Haya, kiatu chako hiki hapa. Kilete na cha pili, nacho kinakaribia kucheka.

Sikumpima dada yangu upya. Hapo nilikosea.